Uteuzi, kura ya wote au wajumbe wa madarasa: shule ya sekondari ipateje viongozi wa wanafunzi?

Mwalimu mlezi anayekabidhiwa kazi ya kuandaa viongozi wapya wa wanafunzi hukuta njia tatu ambazo shule za Afrika Mashariki zimezizoea. Walimu wanaweza kukaa kikao na kuteua viranja. Wanafunzi wote wanaweza kupiga kura ya siri na kumchagua kila kiongozi moja kwa moja. Au kila darasa linaweza kuchagua wajumbe wake, nao wajumbe wakawachagua viongozi wakuu kwa niaba ya wenzao. Katika shule halisi njia hizi huchanganywa. Nchini Tanzania, kwa mfano, ni jambo la kawaida wanafunzi wachukue fomu, walimu wachuje majina, wagombea wanadi sera zao mstarini au bwaloni, kisha kura ipigwe. Anayelinganisha hana budi kuitazama kila hatua peke yake, na kabla ya yote aamue jambo ambalo mara nyingi hurukwa: viongozi hao watafanya kazi gani. Kusimamia foleni ya chakula na kupeleka malalamiko ya chakula kwa mkuu wa shule ni kazi mbili tofauti, ingawa tumezoea kumpa mwanafunzi mmoja zote mbili, na njia inayofaa kumpata msimamizi si lazima imfae mwakilishi.

Uteuzi wa walimu

Uteuzi ndiyo njia kongwe kuliko zote. Ulikuja na shule za kikoloni zilizoiga shule za bweni za Uingereza, ambako Thomas Arnold, mkuu wa shule ya Rugby kuanzia 1828 hadi alipofariki 1842, aliwakabidhi wanafunzi wa madarasa ya juu jukumu la kuwasimamia wadogo wao. Shule ya Tabora nchini Tanganyika, ambako wana wa machifu walisomeshwa ili waje kutawala, na Alliance High School ya Kikuyu nchini Kenya, iliyofunguliwa 1926, zilifuata utaratibu huo wa mabweni na viranja. Kiranja wa namna hiyo alipokea mamlaka kutoka kwa mwalimu na aliwajibika kwa mwalimu, na wenzake hawakuulizwa chochote.

Faida zake ni za kweli. Kikao kimoja cha walimu kinatosha, masomo hayasimami, hakuna kampeni wala peremende zinazogawiwa usiku bwenini. Walimu makini wanaweza pia kumwona mwanafunzi ambaye hangethubutu kusimama mbele ya umati, kama msichana mkimya ambaye kila mara ndiye anayebaki kufunga madirisha ya maabara bila kuambiwa. Kwa kazi zinazohitaji uaminifu na umakini kuliko umaarufu, kama kutunza funguo za maabara na maktaba, kupiga kengele, au kusimamia stoo ya vifaa vya michezo, sioni sababu ya kuitisha kura.

Udhaifu wake unaonekana pale mteule anapotakiwa kuzungumza kwa niaba ya wengine. Mwalimu humfahamu mwanafunzi anayeonekana mbele ya walimu: mwenye alama nzuri, mwenye heshima, anayejibu haraka. Hamfahamu yule ambaye wanafunzi wenyewe humwendea wanapopata shida usiku. Tena mteule hujua fika kwamba cheo chake kinategemea kuwaridhisha waliompa, kwa hiyo maagizo huteremka kwake bila tatizo, lakini habari za huku chini hazipandi, au hupanda zikiwa zimechujwa. Shule hugundua kwamba wanafunzi wana hasira siku wanapogoma.

Mei 1999, katika shule ya upili ya Nyeri nchini Kenya, wanafunzi waliwachoma moto viranja 4 waliokuwa wamelala chumbani mwao, nao wakafa. Itakuwa ni kurahisisha mno kusema kwamba uteuzi ndio uliowaua, kwani migomo na moto vimetokea pia katika shule zenye mabaraza ya kuchaguliwa. Hata hivyo msiba huo uliwalazimisha Wakenya kuuliza kiranja anasimama upande wa nani, na kwa nini wenzake wamwone kama sehemu ya utawala anayekula na kulala mbali nao. Mwaka 2009 wizara ya elimu, pamoja na chama cha wakuu wa shule za sekondari na UNICEF, ilianzisha baraza la kitaifa la wanafunzi wa sekondari na kuzihimiza shule ziwe na mabaraza yanayochaguliwa. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 ikaenda mbali zaidi kwa kumpa mwakilishi wa baraza la wanafunzi nafasi ndani ya bodi ya usimamizi wa shule, kwa wadhifa wake. Nchini Tanzania msingi wa kisheria ni mpana zaidi na haujataja uchaguzi: kifungu cha 11 cha Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 kinampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Mwakilishi aliyeteuliwa na walimu anaweza kutimiza masharti hayo kwenye karatasi, ingawa ni vigumu kuona namna anavyoweza kuyatimiza kwa maana yake.

Kura ya moja kwa moja

Tuchukue shule yenye vidato 4, kila kidato mikondo 4, kila darasa wanafunzi 45: jumla ni wapiga kura 720. Mshindi wa kura hiyo anaposimama mbele ya wenzake, hakuna anayeweza kumwambia kwamba ni kibaraka wa walimu. Hiyo ndiyo faida kubwa ya njia hii, na hakuna njia nyingine inayoitoa kwa kiwango hicho. Wanafunzi hujifunza pia kazi ambayo karibuni wataifanya wakiwa raia wenye miaka 18, yaani kusikiliza ahadi, kuzipima, kupiga kura, na kuvumilia matokeo wasiyoyapenda.

Gharama yake ni muda, na hasa muda wa kuhesabu. Nafasi 8 zikipigiwa kura na watu 720, kuna alama 5,760 za kusoma na kujumlisha, na masanduku yakibebwa yote hadi ofisi ya mwalimu wa nidhamu yahesabiwe mlango ukiwa umefungwa, kila atakayeshindwa atakuwa na sababu ya kulalamika. Dawa ni kuhesabu darasani. Kura 45 huhesabiwa muda mfupi mbele ya mawakala wa wagombea, matokeo huandikwa, husainiwa na kubandikwa mlangoni, kisha kazi inayobaki ni kujumlisha karatasi 16. Wakenya waliokulia katika mabishano ya fomu ya 34A, ambayo hubeba matokeo ya urais ya kila kituo, hawahitaji kuelezwa kwa nini matokeo yatangazwe pale kura zilipopigwa. Wanafunzi wao nao wanalijua jambo hilo vizuri sana, pengine kuliko tunavyodhani.

Kasoro ya pili ni ya hesabu. Wagombea 3 wakipata kura 260, 240 na 220, kaka mkuu atakuwa amechaguliwa na asilimia 36 tu ya shule, na upo uwezekano kwamba wengi wa waliobaki hawamtaki kabisa. Kanuni iandikwe mapema: ama wawili wa juu warudiwe kesho yake, ama mshindi wa kura nyingi atangazwe na wote wajue hivyo tangu mwanzo. Lililo baya ni kuamua baada ya kuona matokeo.

Kasoro ya tatu ni ahadi. Mgombea anayehutubia watu 720 kwa dakika 5 huahidi chapati kila Ijumaa, simu za mkononi, na kufutwa kwa masomo ya jioni. Hayo huamuliwa na bodi, na wizara, na bajeti ya chakula. Mshindi hana uwezo nayo, na miezi miwili baadaye huitwa mwongo kwa kushindwa jambo ambalo hakuwahi kuwa na mamlaka nalo. Mkuu wa shule awakutanishe wagombea kabla ya kampeni na kuwaambia waziwazi ni mambo gani baraza litaamua lenyewe, ni yapi litashauri, na yapi haligusi. Kampeni zitapungua mbwembwe, na hilo ni jambo jema. Zawadi zipigwe marufuku moja kwa moja, ziwe mandazi, biskuti au vocha. Takrima, yaani zawadi na ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, haikubaliki hata kwa wakubwa: Mahakama Kuu ya Tanzania iliitangaza kuwa kinyume cha katiba mwaka 2006.

Wajumbe wa madarasa

Katika shule ileile ya mfano, kila darasa likichagua wajumbe 2, msichana na mvulana, wajumbe watakuwa 32. Hao hukutana, huwahoji wagombea kwa saa nzima badala ya kusikiliza hotuba ya dakika 5, kisha huwachagua viongozi wakuu. Uwiano wa jinsia umekwisha kuhakikishwa tangu darasani, kidato cha kwanza hakizidiwi na cha nne kwa kelele, na chombo kinachobaki baada ya uchaguzi ni baraza kamili linaloweza kukutana kila mwezi. Faida hiyo ya mwisho ndiyo ninayoithamini zaidi. Kura ya moja kwa moja humzaa kiongozi. Isipounganishwa na baraza, kiongozi huyo hana mtu wa kumwuliza mambo hadi uchaguzi ujao.

Lakini hesabu yake inatisha. Kati ya wajumbe 32, kura 17 zinatosha kushinda, na watu 17 wanaweza kununuliwa, kutishwa au kupatana kwa ukabila, dini au bweni ndani ya jioni moja, jambo ambalo ni gumu kulifanya kwa watu 720. Vyuo vikuu vya Kenya viliingia katika mjadala huohuo pale marekebisho ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2016 yalipoweka uchaguzi wa viongozi wa wanafunzi mikononi mwa wajumbe wa idara. Waliounga mkono walitaja vurugu na pesa za kampeni zilizotangulia, na waliopinga walisema wanafunzi wamenyang'anywa kura. Pande zote mbili zina hoja inayoihusu sekondari. Shule inayochagua njia hii iyaache madarasa yachague wajumbe kabla majina ya wagombea wa ngazi ya juu hayajajulikana, ili darasa lichague mtu wa kuliwakilisha mwaka mzima na wala si mpiga debe wa fulani. Kura wanayopiga wajumbe wenyewe iwe ya siri na ifanyike siku hiyohiyo wanayowahoji wagombea, kusiwe na usiku katikati.

Mchujo: pale uchaguzi unapoamuliwa

Shule mbili zinaweza kusema kwamba zinapiga kura ya wote, na bado moja ikawa inateua. Tofauti iko kwenye mchujo. Walimu wakipokea fomu 12 za nafasi ya dada mkuu na kurudisha majina 2 bila maelezo, kura inayofuata ni ya kuchagua kati ya wateule wawili wa walimu. Wakirudisha jina moja, apite bila kupingwa, basi heri wangeteua tu na kuokoa karatasi.

Sisemi mchujo ufutwe. Shule ina wajibu wa kuwalinda watoto, na shauri la wizi au la kuwaonea wadogo linalomkabili mwanafunzi halipaswi kupuuzwa kwa sababu tu anapendwa. Linalotakiwa ni masharti yaandikwe na kubandikwa kabla fomu hazijatoka, yawe machache, na kila anayekatwa aelezwe kwa maandishi ni sharti gani hakulitimiza, apewe na siku ya kukata rufaa. Sharti la wastani wa alama liwe la kiasi. Likipandishwa sana, uongozi huwa tuzo ya taaluma, na wanafunzi wenye vipaji vya kuongoza watu, ambao si lazima wawe wa kwanza kwenye hisabati, huachwa nje. Sharti la kutodaiwa karo, ambalo baadhi ya shule hulitumia, halina utetezi: deni ni la mzazi, na mtoto anayeishi na shida hiyo huenda ndiye anayeijua vizuri zaidi. Usaili mbele ya walimu ukiwepo, wawemo pia wanafunzi 2 au 3 wa baraza linalomaliza muda wake, ambao hawagombei.

Nidhamu iwekwe mikononi mwa nani?

Hapa ndipo mifumo mingi iliyoanza vizuri huvunjika. Wanafunzi humchagua kiongozi ili awasemee. Wiki ya kwanza anakabidhiwa daftari la kuandika majina ya wapiga kelele na wachelewaji. Akiyaandika, huitwa mnoko na kura zake husahaulika. Asipoyaandika, walimu humwona dhaifu na kuacha kumsikiliza hata anapoleta hoja ya maana. Kiranja aliyeteuliwa hana mgongano huo kwa kuwa hakuna aliyetarajia awe wa wanafunzi.

Kwa maoni yangu kazi hizo mbili zitenganishwe wazi. Wawakilishi, yaani kaka mkuu, dada mkuu na wajumbe wa madarasa, wachaguliwe, na wasiandike jina la mtu yeyote. Viranja wa zamu wa bwalo, usafi na prepu wateuliwe, kwa zamu fupi ikiwezekana, baada ya walimu kulishauri baraza. Hatari iliyopo ni kuzaa makundi mawili yanayovutana, na wahenga walikwisha sema kuhusu mafahali wawili katika zizi moja. Kwa hiyo kanuni za shule zitaje nani anaripoti kwa nani. Wateule pia wasipewe foleni yao ya chakula wala chumba chao cha kulala. Marupurupu hayo madogo huchoma kuliko mamlaka yenyewe.

Wala asiwepo kiongozi wa wanafunzi, awe wa kura au wa kuteuliwa, anayemwadhibu mwenzake kwa fimbo. Kenya ilifuta viboko shuleni mwaka 2001, na sheria ya 2013 inakataza adhabu ya mwili kwa mwanafunzi. Tanzania bado inaviruhusu, lakini kanuni za mwaka 2002 zinaweka mamlaka hayo kwa mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, na viboko visizidi 4. Kiranja hayumo katika kanuni hizo. Shule inayomwachia kidato cha sita fimbo bwenini inavunja sheria, na inamweka kijana huyo katika hatari ya kushtakiwa.

Wasichana katika shule mchanganyiko

Uteuzi unaweza kuleta uwiano kwa siku moja. Wajumbe wawili kwa kila darasa huuleta vilevile. Kura ya wote, ikiachwa bila kanuni, mara nyingi huwapa wavulana nafasi zenye sauti na wasichana nafasi za afya na usafi. Mtindo wa kuwa na kaka mkuu na dada mkuu unasaidia, mradi nafasi hizo zilingane kweli. Nimeshuhudia mara nyingi dada mkuu akiachiwa mambo ya bweni la wasichana huku kaka mkuu ndiye anayesoma risala mbele ya mgeni rasmi. Shule za Kenya zinazotumia cheo cha rais humtaka naibu awe wa jinsia nyingine, jambo linalofaa ikiwa urais wenyewe hauwi wa wavulana kila mwaka. Katika mitindo yote miwili, zamu ya kuongoza vikao na kuingia kwenye bodi iandikwe.

Ipi kwa shule ipi

Shule mpya, yenye kidato cha kwanza na cha pili tu, iteue viranja wachache na ichague wajumbe wa madarasa; haina bado wanafunzi wakubwa wa kugombea, na kampeni ya shule nzima ingekuwa mchezo tu. Shule ya kutwa yenye wanafunzi chini ya 400, ambako watu wanafahamiana na jioni hakuna bweni la kufanyia mipango, ndiyo inayofaa zaidi kura ya wote. Shule kubwa ya bweni ningeishauri ichanganye: kaka mkuu na dada mkuu kwa kura ya wote, nafasi nyingine zote zitoke ndani ya baraza la wajumbe, na kazi za zamu ziteuliwe. Shule iliyotoka kwenye mgomo isikimbilie kampeni muhula huohuo. Ianze na wajumbe wa madarasa, wasikilizwe kwa muhula mmoja na wajibiwe, halafu ndipo nafasi za juu zigombewe.

Kalenda nayo ina neno lake. Mitihani ya kidato cha nne, Tanzania na Kenya, huangukia mwishoni mwa mwaka, karibu na Novemba, kwa hiyo viongozi wa kidato cha tatu wachaguliwe mapema kiasi cha kufanya kazi bega kwa bega na wanaoondoka kabla shule haijawapumzisha kwa ajili ya mitihani. Uchaguzi ukichelewa hadi muhula wa mwisho, kidato cha nne wasipige kura. Hawatatawaliwa na wanayemchagua. Shule za kidato cha tano na sita nchini Tanzania zina ratiba ngumu zaidi, kwani kidato cha sita hufanya mtihani wa taifa mwezi Mei na kidato cha tano kipya huripoti Julai, hivyo uchaguzi uishe kabla ya Aprili ili wapya wapokelewe na viongozi waliokwisha kuzoea kazi. Kenya nayo iko katika kipindi cha mpito kutoka mfumo wa vidato kwenda wa gredi: darasa la kwanza la gredi ya 10 liliingia mwaka 2026, na kidato cha nne cha mwisho kinatarajiwa kumaliza 2027, kwa hiyo katiba ya baraza inayotaja vidato iandikwe upya, na gredi ya 11 ndiyo itakayobeba uongozi katika shule ya miaka mitatu.

Kabla kura ya kwanza haijapigwa, kifungu cha kumwondoa kiongozi kiwe kimekwisha kuandikwa. Mteule huondolewa na aliyemteua, jambo hilo halina utata. Aliyechaguliwa na shule nzima asivuliwe cheo kwa tangazo la mstarini asubuhi. Hoja ipelekwe kwenye baraza, mwenyewe asikilizwe, na theluthi mbili ya wajumbe, yaani 22 kati ya 32 katika mfano wetu, ndio waamue. Mkuu wa shule abaki na mamlaka ya kumsimamisha kwa muda pale panapokuwa na kosa la jinai au hatari kwa mtoto mwingine, na aeleze sababu kwa baraza ndani ya siku 7.